Dume Aliyetakiwa kwa Sadaka ya Mvua

Hapa Kinjumbi watu hula dume bora wa ng'ombe na kumwachia dume goigoi kazi ya kuzalisha. Dume akinenepa huuzwa Idi au huchinjwa harusini. Anayebaki zizini ni yule ambaye mnunuzi alimtazama akapita. Kisha wanashangaa ndama wakifa kiangazi kinaporefuka, na siku hizi kinarefuka karibu kila mwaka. Vuli imebaki jina. Masika huja kwa pupa, huzoa udongo, kisha jua.

Mimi sikusoma mbali. Ninachojua kuhusu mifugo nimekipata redioni, katika vitabu vikuukuu nilivyonunua Lindi mjini, na kwa kuwatazama ng'ombe wangu. Majirani walipochoma nyika ili yachipue majani machanga, mimi nilizungushia miiba kipande changu, nikaacha nyasi zikauke zimesimama, ziwe akiba. Walipita wakiuliza kama sasa nafuga nyasi. Majani yao yalichipua, yakaliwa, yakaisha. Kucheka waliacha, kuchoma hawakuacha.

Nyasi pekee hazitoshi, inategemea zinaliwa na nani. Nilikuwa na dume mweusi, mfupi, asiye na umbo la kusifiwa. Mama yake alihimili mbung'o na kiu wenzake walipokufa, na yeye alikwenda kisimani na kurudi bila mwili kumwisha. Nilimwacha yeye, wengine nikawahasi.

Mwaka mvua ilipogoma kabisa tulikwenda uwanjani kuiombea. Nilisali nao, na sina neno na sala. Lakini wachache wakaamua iwepo na sadaka: ng'ombe mweusi asiye na kilema, azungushwe kijiji kwa dua, achinjwe, aliwe. Ng'ombe wao walikuwa mifupa. Basi shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, mchomaji nyika asiyechoka, akaja barazani kwangu na watu wawili. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi na mkononi alishika kamba.

Alimsifu dume wangu kwa kirefu, kama mtu anayeposa. Nikamwambia achukue maksai, naye ni mweusi. Akasema aliyehasiwa ana kilema. Kuhasiwa si kilema kwa mnyama wa kuchinja. Mimi nalijua hilo na yeye alilijua. Alilojua zaidi ni kwamba maksai amekonda.

"Shemeji, unamnyima Mungu kwa ajili ya ng'ombe?"

"Mungu sijamnyima. Aliyekuja na kamba ni wewe."

"Na mvua isiponyesha?"

"Itakuwa haijanyesha na dume yupo. Tukimla, itakuwa haijanyesha na dume hayupo."

Mmoja wa wale wawili alikohoa ili asicheke. Shemeji aliinuka akaniambia nitakapofiwa nisimtafute mtu wa kunisaidia kuzika.

Walimzungusha mbuzi mweusi, wakamla. Mvua ilikuja baadaye kwa siku chache, ikabomoa kuta za udongo na kupeleka mbegu baharini. Wakasema hayo ndiyo malipo ya kutoa mbuzi mahali pa ng'ombe, na kwamba mchoyo anajulikana. Sikujibiwa salamu. Kwenye benchi la kahawa nilikaa na nafasi pande zote mbili, na kahawa ilikuwa ileile.

Kiangazi kilichofuata nyasi zangu zilikuwepo na ndama wangu walikuwepo. Hakuna aliyekuja kuniuliza nilifanyaje. Kuuliza kungewagharimu zaidi kuliko ndama waliowafia.

Asubuhi moja dada yangu alisimama nje ya zizi, akimvuta kwa kamba ng'ombe jike aliyekuwa akihitaji dume.

"Kaka, nimekatazwa kukuamkia," alisema. "Ng'ombe hajakatazwa."

Nikamwuliza ni nani aliyemtuma. Akatazama chini.

"Mwenye ng'ombe."

Nilitamani kumrudisha, na shemeji alistahili arudishiwe. Lakini jike yule hakuchoma nyika wala hakuleta kamba barazani kwangu. Ndama wake angekuwa na damu ya dume wangu, na damu hiyo ingevuka ukame hata katika zizi la mpumbavu. Nikamwambia dada kwamba akizaliwa dume asiuzwe Idi, aachwe apande majike. Akasema ujumbe ataufikisha. Sote wawili tulijua utapokelewa vipi.

Nikaondoa miti ya mlangoni. Jike akaingia, na dada akabaki nje, akiangalia njiani kama kuna anayepita.