Nilivyolipeleka Ombi la Bibi Tanzania

Haya ninayoyaandika sijamwambia mtu shuleni, na mkinicheka nitawaelewa, kwa maana hata mimi nikiyakumbuka najifunika kanga usoni nikiwa peke yangu chumbani: mimi, msichana wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Msambweni ya Kenya, nilikaa katika mkutano wa serikali mbili nikiwa Mtanzania, na nikakosa mdomo wa kusema kwamba si kweli.

Nianze na Bibi, mzaa mama, ndiye aliyenilea, na amenilea kwa pweza. Siku za bamvua, bahari inapotoka mbali na mwamba ukabaki wazi, yeye na wenzake huenda kwa miguu na fimbo zao kuchokoa pweza mashimoni. Siku zenyewe chache kila mwezi. Sasa Kenya na Tanzania zikawa zinapatana kufunga mwamba kwa miezi ile ile pande zote mbili, ili pweza wakue (ukifunga huku na wenzako hawakufunga, wavuvi wanahamia kule tu, hilo nalifahamu), na kina mama wakaingia hofu, kwamba wanaume wa kuzamia wakifungiwa pweza wana samaki wengine, wao wakifungiwa wana nini? Basi wakaniandikisha ombi, kwamba waachiwe mwamba wa karibu siku za bamvua peke yake, kisha wakaamua nikalisome mimi mwenyewe kwa kuwa ilikuwa likizo. "Mwandiko wako, nani mwengine atauweza?" akasema Bibi. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jina langu natazama dari.

Mkutano ulikuwa kwenye hoteli moja ya Diani. Nilikwenda na Mzee Bakari, mwenyekiti wa wavuvi wa kwetu, ananijua tangu navishwa winda. Ukumbini palikuwa na meza mbili ndefu zinatazamana, bendera ndogo za Kenya huku, za Tanzania kule, na katikati zulia tupu pana kama uwanja. Mzee Bakari akanionyesha kiti kando yake. Sijakikalia, nikamuona Mjomba Hamadi meza ya pili. Mjomba Hamadi ni mtoto wa dada yake Bibi, anakaa Moa, hapo ng'ambo ya mpaka tu, na alikuja na wajumbe wa kwao; harusi zetu anakuja na matanga yao tunakwenda. Sasa niambieni, umemuona mjomba wako, utakaa bila kumwamkia? Nikavuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo? Na magoti yake?" Akavuta kiti. "Kaa kwanza unipe habari."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mkubwa akikuvutia kiti unakaa, na mimi nikajiambia ni dakika mbili tu. Magoti ya Bibi hatujayamaliza, mama mwenyekiti wa mkutano akagonga meza, mlango ukafungwa, watu kimya. Kurudi kwangu ni kulipita zulia lile lote peke yangu huku watu wananitazama. Sikuweza. Nikasema nitavuka wakati wa chai. Karatasi ya mahudhurio ikapita, Mjomba akaniwekea kidole pa kutia saini, nikatia.

Mazungumzo yenyewe sikuyafahamu mwanzo wala mwisho. Kenya wanataka nyavu za matundu madogo zikatazwe, Tanzania wanasema sawa, lakini kwanza tuzungumze leseni, wakizungumza leseni wanarudi kwenye nyavu, na mtu mmoja alisema "hatuna pingamizi" kisha akapinga kwa muda mrefu sana. Mjomba akaninong'oneza, "Usishangae. Hapa hakuna cha bure. Unapinga kwanza, ndio upate cha kubadilishana."

Mara mama mwenyekiti akauliza, "Kuna ombi la kina mama?"

Nikamtazama Mzee Bakari. Yeye anakitazama kiti changu kitupu, kisha mlango. Mjomba akaiona karatasi mkononi mwangu. "Kumbe una neno? Sema, usione haya," akabonyeza kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka mbele ya pua yangu.

Nikasoma. Kichwa chini, sauti ya mbu, na kwa woga nikauruka mstari wa kwanza, ule wenye salamu na jina la kijiji chetu, nikaanzia kwenye "tunaomba".

"Ombi la Tanzania limesikika," akasema mama mwenyekiti. "Kenya mnasemaje?"

Na Mzee Bakari, ambaye mkewe mwenyewe alitia dole gumba kwenye karatasi ile, akasema bila kuinua macho, "Kenya tunapinga."

Nikamvuta Mjomba mkono wa kanzu. "Mjomba, hili ni letu. La Bibi. La Msambweni."

Akanitazama mimi, akaitazama bendera iliyokuwa mbele yangu, akajikuna. "Mwanangu, limeshaandikwa letu."

Na afisa wa upande wake alikuwa ameshaanza: Kenya wakiondoa pingamizi, Tanzania nao watalegeza kwenye nyavu. Wakanong'onezana, wakakubaliana, likapita. Kina mama wa Tanzania wataachiwa mwamba wa karibu siku za bamvua.

"Na Kenya? Hamna ombi kama hilo?" akauliza mama mwenyekiti, Mungu ampe kheri.

"Tulikuwa nalo," akasema Mzee Bakari kwa huzuni. "Lakini msichana wetu ametoroka nalo."

Nikasimama. Sijui miguu ilitoka wapi. "Niko hapa, babu."

Ukumbi mzima ukageuka. Mzee Bakari akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Mtu akacheka, halafu wote wakacheka, mpaka waliokuwa wakigawa maji. Karatasi ya mahudhurio ikaletwa, saini yangu iko chini ya Tanzania, mwandiko mzuri kabisa. Afisa mmoja wa Kenya akasema kwa upole kwamba serikali haiwezi kukipinga kitu na kukiomba hapo hapo, watu wataionaje. Ombi letu likasogezwa kikao kijacho.

"We mtoto, nilidhani umekimbilia choo," Mzee Bakari akaniambia nje.

"Nilikuwa mbele yako, babu."

"Upande ule sikuutazama mimi. Niliambiwa nipinge."

Nyumbani nikamweleza Bibi yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Kwa hivyo watu wa Moa wanakwenda mwambani."

"Ndiyo, Bibi."

"Na sisi?"

"Kikao kijacho."

"Na mwamba unafungwa lini?"

"Kabla ya kikao."

Mimi nikaapa pale pale mbele yake, kwamba tangu leo mkubwa nitamwamkia kwa adabu zote, lakini nimesimama, na kiti atakachonivutia nitamshukuru nikirudi kwenye changu. Bibi akasema kiapo kizuri.

Ilipofika wiki ya kufungwa mwamba, akafunga nguo zake na fimbo yake, akaenda Moa kukaa kwa dada yake mpaka utakapofunguliwa. Mimi nimebaki na ufunguo wa nyumba, na kila jioni kina mama wenzake wanapita uani kuniuliza kikao ni lini.