Shemeji na Pedali Zilizokazwa

Sisi wa klabu ya baiskeli za milimani tulimwita Pasi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hoteli katika nyumba kubwa ya kufulia nyuma ya soko, na akiteremka mlima hakuwa mtu wa kukwepa mawe, aliyapitia juu kwa juu kama anayenyoosha mikunjo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mapaja, mwenye miguu ya mtu anayesimama kutwa nzima. Alipanda kwa raba zake za kazini na pedali bapa za kawaida, zile ambazo kila baiskeli huja nazo.

Baiskeli zetu zote zilitengenezwa na mtu mmoja, mume wa mdogo wake Pasi. Duka lake lilikuwa mkabala na kituo cha mafuta, na mlangoni alitundika picha zake mwenyewe akivuka mstari wa mwisho. Kwa kushuka mlima hakuna aliyewahi kumpita. Basi siku Pasi alipompita kwenye kona ya mwisho, mbele ya wateja wake, watu walishika mbavu. "Fundi, leo umepigwa pasi!" mmoja alipiga kelele, na msemo huo ukamganda. Alicheka na wengine, lakini macho yake hayakucheka.

Hazikupita siku nyingi akamwita shemeji yake dukani.

"Shemeji, wewe sasa umekua," alimwambia. "Hizo pedali bapa waachie wanaokwenda kununua nyanya. Mpanda mlima halisi anafunga mguu."

"Anaufunga na nini?"

Akamwonyesha. Kiatu kilikuwa na kipande cha chuma chini ya soli. Ukikikandamiza juu ya pedali kinalia *ka!* na mguu unanasa. Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwa nje. Ndani ya pedali mna springi, na pembeni kuna skrubu ndogo ya kuikaza au kuilegeza. Anayejifunza huachiwa springi legelege, achomoke bila kufikiri. Hilo la mwisho hakumwambia.

"Viatu vinanibana vidole," Pasi alisema.

"Kiatu cha baiskeli lazima kibane. Vitapanuka tu."

Walifanya mazoezi uani, fundi akiwa ameshika tandiko, na mguu ulitoka vizuri kila mara. Pasi akafurahi kama mtoto. Asubuhi ya mashindano yaliyofuata shemeji alimwomba baiskeli, "nikukagulie breki," akaenda nayo nyuma ya gari, akairudisha akiwa anafuta mikono kwa kitambaa.

Kwenye mteremko wa mawe gurudumu la mbele la Pasi lilikwama. Akazungusha kisigino. Mguu haukutoka. Akazungusha cha mguu mwingine. Wapi! Akaanguka kama gogo, baiskeli ikiwa bado imemng'ang'ania miguuni, bega likatangulia. Mfupa wa mtulinga ulipovunjika tuliokuwa karibu tulisikia. Shemeji yake alifika akiwa ameshika simu, anarekodi. "Shemeji," alisema huku akicheka, "hicho kiatu kina akili kuliko wewe!" Jioni ile video ilikuwa kwenye simu ya kila mwanaklabu.

Huwezi kuvuta mkono wa mashine ya kunyooshea kwa bega lililovunjika. Pasi alihamishiwa mbele, kubandika namba kwenye nguo za wateja, na mashine yake akapewa mwingine. Hakulalamika. Ajali ni ajali, alituambia, na yeye ndiye aliyekuwa mzito kujifunza.

Ukweli ulimfikia akiwa ameinamia beseni. Kwa kuwa hakuweza kuinua mkono, mdogo wake alikuwa akija kumwosha nywele. Siku hiyo alimpaka sabuni kimya kimya, halafu mikono ikasimama kichwani.

"Dada, usimwambie kwamba nimekwambia."

"Nini?"

"Alikukazia. Asubuhi ile, aliposema anakagua breki. Alizikaza springi zote mwisho wa kukaza. Alisema umeanza kuvimba kichwa, inafaa ushikishwe adabu kidogo." Vidole vikaanza tena kusugua. "Hakudhani utavunjika, dada. Wallahi hakudhani."

Pasi aliyatazama mapovu yakizunguka ndani ya beseni.

"Suuza," alisema.

Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, na aliniambia kwamba wakati ule hakuhisi hasira. Hasira ilikuja kesho yake, alipokuwa akibandika namba kwenye suti ya mtu, ikakaa kifuani na haikutoka tena. Alikula nayo, akalala nayo. Kila alipokutana na shemeji yake alimwamkia vizuri na kumuuliza habari za biashara. Alitaka asishtuke.

Bega lilipokubali, alikwenda kwenye duka la upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemfahamu. Aliyekuwa akiuza alikuwa mama mmoja mwenye kovu refu kwenye muundi, kumbukumbu ya pedali.

"Unataka za kunasa au bapa?" yule mama aliuliza.

"Bapa. Mimi na za kunasa tumeachana."

"Usizilaumu. Zikilegezwa vizuri zinakusukuma mlimani mpaka ucheke. Tatizo huwa ni aliyezifunga."

"Hilo nalijua," Pasi alisema.

Akapewa pedali pana zenye vijino vya chuma, akazipapasa kwa kidole. Kisha vikaja viatu. Jozi ya kwanza ilikuwa laini mno. Alipokanyaga ukingo wa ngazi soli ilijikunja, na mguu ungechoka kabla ya kilele. Ya pili ilikuwa ngumu lakini soli iliteleza kama sahani. Ya tatu ilikuwa na mpira mzito chini, unaoshika vile vijino kama ulimi ulionata kwenye barafu, na nafasi ya kutosha mbele ya vidole. Akatembea navyo dukani, akarukaruka. Havikubana.

"Unapandia wapi?" mama aliuliza akifunga boksi.

"Popote atakapokuwa mtu mmoja ninayemtafuta."

Mama yule alimsukumia boksi, akahesabu chenji.

Siku moja kabla ya matembezi makubwa ya baiskeli ya klabu, Pasi alialikwa chakula cha mchana kwa mdogo wake. Viatu vya baiskeli vya mwenye nyumba vilikuwa barazani, vimeoshwa vinakauka. Mdogo wake alikuwa jikoni. Shemeji alikuwa amelala kwenye kochi, redio juu ya tumbo. Pasi akatoa mfukoni kiufunguo kilichopinda cha kufungulia skrubu, akakigeuza kiatu cha kushoto. Kile kipande cha chuma kilishikwa na skrubu mbili. Moja akaitoa kabisa, ya pili akailegeza. Alijua kitakachotokea: mguu utanasa kama kawaida, lakini fundi atakapozungusha kisigino, kiatu kitazunguka peke yake na chuma kitabaki kimeng'ata. Akarudi ndani akala, na akaongeza.

Alikuwa amekwisha kupanga pa kumwangushia. Njiani kuna kijito chenye matope ambapo sote husimama na kuweka mguu wa kushoto chini. Agaegae humo kama nguruwe mbele ya watu, basi. Lakini shemeji siku hiyo alikuwa na wateja wapya wa kuwaonyesha ufundi. Hakusimama kijitoni. Alipita majini kwa kasi, akapanda ng'ambo na kuendelea moja kwa moja kuelekea ule ule mteremko wa mawe.

Pasi alikuwa nyuma yake. Angeweza kupiga kelele. "Mdomo nilikuwa nao," aliniambia. "Nikaufumba."

Fundi alikwama kati ya mawe mawili, akazungusha kisigino, akaendelea kuzungusha. Tuliuona uso wake ukibadilika. Kisha akaenda upande, akabiringika na baiskeli yake mpaka ndani ya kichaka cha miiba, akaishia chali, mguu mmoja juu umenaswa na goti limepinda vibaya. Alilia vile mtu mzima asivyopenda kusikika.

Tulipokimbilia, Pasi alishafika. Alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Shemeji, nitoe! Goti, goti langu!"

"Sema kwanza."

"Niseme nini? Nakufa!"

"Sema ulichofanya nyuma ya gari."

Akatutazama sisi, akamtazama yeye. Mmoja wetu alitaka kuinama kumsaidia. Pasi akamzuia kwa mkono bila kugeuka. Ulikuwa ule mkono wa bega lililovunjika.

"Nilizikaza," fundi alisema mwishowe. "Nilizikaza springi. Nilitaka aanguke."

"Kwa sauti."

"Nilitaka aanguke!"

Hapo ndipo Pasi alipochuchumaa, akafungua kamba za kiatu, akauchomoa mguu taratibu, kwa upole kabisa, na kiatu kikabaki kikining'inia kwenye pedali.

Goti lilimchukua fundi muda mrefu hospitalini, na hadi leo anachechemea akipanda ngazi. Wateja wengi walihama. Wachache waliobaki husimama pembeni yake akikaza kitu chochote, wanatazama mikono. Aligundua skrubu iliyokosekana, bila shaka. Yeye ni fundi. Hakumshtaki mtu. Angeanza vipi?

Mdogo mtu ndiye hakunyamaza. Mumewe akiwa bado hawezi kusimama, alikwenda mpaka kwenye nyumba ya kufulia, akasimama kaunta kama mteja.

"Nilikwambia kwa sababu nakupenda," alisema. "Sikukwambia uje kunilemazia mume, ule na chakula changu juu yake."

"Aliniachia bega hili."

"Na wewe umeniachia mimi nini? Mtu wa kubebwa chooni."

Pasi akachukua namba nyingine, akaibandika kwenye koti la mteja. Dada hao sasa wanaonana kwenye misiba na harusi tu, na nywele zake Pasi anaziosha mwenyewe.

Nilimuuliza siku moja, tumepumzika kileleni, kama anajuta. Alikuwa amevua kiatu, anakung'uta mchanga.

"Kwa mdogo wangu, ndiyo. Linaniuma kila siku," alisema. "Kwa yule, hapana. Nikikumbuka alivyosema 'nilitaka aanguke', hata leo nasikia utamu."

Akavaa kiatu, akavuta kamba, akateremka bila kutungoja.