Mwalimu Aliyefungiwa kwa Nje

"Mama, hivi mwalimu wenu analala kafungiwa kwa ndani au kwa nje?"

Aliniuliza jirani yangu, fundi cherehani, uzi ukiwa mdomoni. Nilidhani ananitania.

Wala. Alikuwa ameona kufuli likinunuliwa dukani kwa ajili ya mlango wake.

Mimi ni mjane, nimeishia shule ya msingi, kwa hiyo mtanivumilia nikikosea nukta. Lakini macho ninayo, na Mungu ni shahidi wangu kwa haya ninayoyaandika.

Shule yetu iko mbali na mji. Walimu wakiletwa wanakaa kidogo, halafu wanayeyuka. Mmoja alituaga anakwenda kung'oa jino. Mpaka leo anang'oa. Mwingine alikwenda kumpokea mkewe stendi. Sijui stendi yenyewe ilihama!

Darasa la mwisho likabaki na mwalimu mmoja. Binti mpole, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Mjukuu wangu, niliyeachiwa na marehemu binti yangu, alianza kusoma kwa sauti mpaka kuku wakamzoea.

Basi ofisi ya elimu ikatoa agizo. Darasa la mwisho lifundishwe na mwalimu mwenye stashahada. Shule ambayo haitakuwa naye muhula ukifungwa, darasa hilo linahamishiwa mjini.

Mjini sina ndugu wala pa kumlaza mtoto. Kwa mjukuu wangu, shule ingekuwa imekwisha.

"Mwalimu tunaye," alisema mwenyekiti wa kamati ya shule. "Kazi yetu ni moja tu. Asituponyoke."

Mwenyekiti huyo ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nyumba ninayokaa iko kwenye kiwanja cha familia yao. Akikohoa yeye, nashika kifua mimi.

Ulinzi ulianza kistaarabu. Mwalimu akienda kisimani, wanawake wanamsindikiza. Akienda dukani, kuna mtu ghafla anakumbuka chumvi. Waendesha pikipiki wote waliambiwa: huyu habebwi.

"Mama, hapa hata nikipiga chafya, nyumba ya tatu wananiombea afya," aliniambia siku moja. Akacheka, kicheko kikaishia njiani.

Juma la mwisho la muhula akaomba ruhusa.

"Mwenyekiti, nina mtihani mjini. Nakwenda na kurudi."

"Mtihani?" Shemeji akaangua kicheko. "Yule wa jino angalau alishika shavu!"

Asubuhi ya safari shemeji alikuja na kufuli jipya. Mwalimu yumo ndani anakunja nguo, yeye anafunga kwa nje.

"Shemeji, hii ni dhambi," nikamwambia.

"Dhambi ni watoto kukosa darasa. Ijumaa mkaguzi akija, nitamfungulia. Chakula mpitishie dirishani. Na akitoroka, shemeji yangu, na wewe funga virago."

Ufunguo akautia mfukoni, huyoo.

Nikakaa kwenye kigoda pale uani. Mimi nje, yeye ndani. Ungeniuliza nani alikuwa kifungoni, ningeshindwa kukujibu.

Mwalimu hakupiga kelele. Alisogea dirishani, akashika nondo.

"Mama, stashahada yangu bado. Nimebakiza somo moja, na mtihani wake ni kesho. Nisipoufanya, mkaguzi atanikuta hapa, lakini hatanihesabu."

"Ulimweleza mwenyekiti?"

"Nilimweleza. Akawa anaangalia shavu langu."

 Kumbe tulimfungia ili shule ipone, na kule kumfungia ndiko kulikokuwa kunaiua.

Niliingia ndani nikasali. Sikuomba ishara. Niliomba shemeji asirudi mapema.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Sanduku lake la vifaa sikuwa nimeligusa tangu tumzike. Nikatoa bisibisi. Ule mlango aliutengeneza yeye, bawaba akaziweka kwa nje. Nikafungua skrubu zote. Mlango ukang'oka upande wa bawaba, na kufuli limefungwa vizuri kabisa.

Nikamvika mtandio wangu wa ibada, nikampa na kikapu changu.

Aliniambia baadaye kwamba waendesha pikipiki walimwamkia, "Shikamoo, mama!" Akainamisha kichwa, akaitikia marahaba, akapita mpaka barabara kuu kupanda gari la mjini.

Jioni shemeji akasimama mbele ya lile kufuli lake, ufunguo mkononi.

"Shemeji, umenimaliza."

"Atarudi."

"Hata wa jino atarudi! Ijumaa jua likizama, nisikukute hapa."

Kuanzia hapo salamu zikakauka. Nikipita, watu wanaangalia kuku.

"Bibi, mwalimu atarudi?" mjukuu aliniuliza.

"Kula, mjukuu wangu."

 Alhamisi nilianza kufunga vyombo.

Ijumaa mkaguzi alifika. Kamati walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Sisi wazazi tulisimama ukutani.

"Mwalimu wa darasa hili yuko wapi?"

Shemeji akafuta jasho. "Ametoka kidogo tu."

"Nimerudi."

Tukageuka wote. Alikuwa mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, mtandio wangu shingoni. Alikuwa amefaulu. Majibu walipewa kulekule mjini, kwenye kompyuta.

Mkaguzi akayasoma kwenye karatasi aliyokuja nayo mwalimu, akaitikia kwa kichwa. "Darasa la mwisho linabaki hapa."

Vigelegele! Shemeji akainuka na dawati lake.

"Mwalimu wetu! Si nilisema? Shemeji, kafungue virago vyako!"

Mkaguzi akatabasamu. "Na lile ombi lako, mwalimu? Tangu muhula unaanza unanisumbua, ukipata stashahada nikupange hapahapa moja kwa moja. Nikubali?"

Vigelegele vikakatika.

Tangu muhula unaanza. Kabla ya kusindikizwa kisimani. Kabla ya kufuli.

Mwalimu akamgeukia shemeji. "Mwenyekiti, ufunguo unao?"

Shemeji akapapasa mfuko, akautoa. Mwalimu akaupokea, akauweka mezani mbele ya mkaguzi.

"Watoto hawa nitawafikisha kwenye mtihani wao. Baada ya hapo nihamishe. Popote."

Shemeji akaketi tena kwenye dawati lake. 

Ndugu zangu mnaosoma, mimi sina elimu ya kumfundisha mtu. Nawaomba tu hivi: ukiogopa mtu asikuache, muulize kwanza anataka nini. Sisi tulinunua kufuli, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mwalimu alivua mtandio wangu, akaukunja vizuri, akaniwekea mikononi. Kisha akapita katikati yetu, akatoka.

Hakuna aliyemsindikiza.