Maji ya Vinyungu na Taa ya Chumba cha Upasuaji

Kila asubuhi, kabla ya kusoma geji, Yoeli Mwalongo huweka mgongo wa kiganja juu ya beringi ya turbini na kuhesabu hadi ishirini. Akilazimika kuutoa mapema, anajua beringi inataka grisi.

Alijifunza hivyo Bulgaria, miaka ya Ujamaa, serikali ilipompeleka kusomea umeme wa nyuklia, kisha akaajiriwa mtamboni. Kule joto la urani lilichemsha maji, na mvuke ukazungusha turbini ndefu kuliko kanisa letu. Aliporudi, nchi haikuwa na mtambo kama ule. Hospitali ya misheni, karibu na Njombe, ikampa turbini ya maji ya kuiwashia umeme, ndogo ya kuenea ndani ya chumba cha kulala.

Agosti 1993 dada yangu Lucia alikuwa akipasuliwa ili mtoto atoke. Jenereta ya akiba haikuwa na dizeli. Soko huria lilikuwa limejaza mafuta Makambako, lakini gari lililoyafuata halikuwa limerudi. Katikati ya upasuaji maji ya turbini yakapungua, taa zikaanza kufifia.

Yoeli hakungoja. Alikata umeme wa ofisi, wa chumba cha kufulia na wa nyumba ya mchungaji, ukabaki wa chumba cha upasuaji peke yake. Kisha akapanda mbio kando ya mfereji unaoleta maji kwenye turbini. Huko juu alimkuta Mama Telesia ameyageuzia maji kwenye vinyungu vyake, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi.

“Turbini yako inakunywa kuliko ng'ombe,” Mama Telesia alimwahi. “Njegere zangu zinywe nini, mate?”

“Mama, kuna mtu yuko kwenye kisu.”

“Wa nani?”

“Lucia, binti wa Germana.”

Mama Telesia alitupa jembe, akaingia mferejini na kanga yake, akaanza kuziba mwanya kwa udongo na majani.

“Umesimama kama mgeni rasmi!” alimfokea. “Lete matope!”

Taa hazikuzimika. Lucia yupo, na binti yake anakimbiza kuku.

Mimi nilikuwa chuoni, Dar es Salaam; haya nilisimuliwa. Likizo ilipofika nilikwenda kumshukuru Yoeli. Kisha nikamuuliza: je, huukumbuki ule mtambo mkubwa?

“Naukumbuka, mwanangu,” alisema. “Kazi ilikuwa nzuri, na mshahara pia. Lakini kule sikuwahi kumwona mgonjwa akirudi nyumbani.”