Kinanda Nilichowachagulia

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kikundi chetu cha harusi. Mimi nilipiga kinanda. Tulianza pamoja kanisani tukiwa watoto wa kwaya, na hata watu walipokuja kutukodisha walisema wanataka "wale ndugu wawili."

Kinanda chetu cha zamani kilipoanza kuruka noti, alinipigia simu. "Dada, wewe ndiye uko na masikio. Twende utuchagulie."

Dukani, mjini Machakos, muuzaji aliwasha kimoja kwa sauti kubwa. Nikamwomba apunguze, kwa sababu kinanda chochote kikipigwa kwa nguvu ni kitamu. Nilishika noti moja ya piano nikasikiliza inavyokufa. Nilibadilisha sauti ya nyuzi kwenda tarumbeta kidole kikiwa bado chini, nione kama itakatika. Nilichomoa waya wa stima, nikarudisha, nikangoja kuona kitaamka upesi kiasi gani, maana kwenye hema la harusi stima hupotea bi harusi akiingia. Kile cha tatu kilishinda vyote. Ukishika kodi, zile noti tatu za pamoja, kwa mkono wa kushoto, ngoma, besi na gitaa vinakufuata bila kuchelewa.

Binamu aliniuliza, "Sasa mtu hajui kucheza, akibonyeza tu, kinaenda?"

"Ukirekodi wimbo mzima, kinaenda chenyewe," nikamjibu.

"Basi turekodie zote. Siku ukiwa mgonjwa tusikwame."

Nilikaa na kile kinanda sebuleni kwangu jioni nyingi. Midundo ya kiwandani haikuwa na gitaa letu la Kikamba, lile linalokimbia mbele ya besi, kwa hivyo nililicheza mwenyewe, polepole, nikalihifadhi. Mume wangu alikula muthokoi peke yake, akivumilia.

Baadaye kazi zikakauka. Nikimuuliza, binamu ananiambia, "Dada, watu hawaoi siku hizi."

Kisha nikaalikwa harusi Kinanie, mwalikwa tu, upande wa bi harusi. Nilikuwa bado barabarani niliposikia muziki, nikasimama. Katika ubeti wa pili kidole changu kiliwahi kuteleza wakati wa kurekodi, nikasema nitarekebisha, nikasahau. Noti ile ilipita mbele yangu ikiwa imeteleza vilevile.

Binamu alikuwa nyuma ya kinanda, kipaza sauti mkono mmoja, ule mwingine akiwapungia watu. Mama mmoja kando yangu akasema, "Huyu anaimba na anacheza! Mungu amempa." Nilitikisa kichwa kukubali. Sijui kwa nini nilikubali.

Walipopumzika nilimfuata nyuma ya hema. Hakushtuka sana.

"Dada, usikasirike. Watu wanataka kikundi kidogo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Ungekubali kurekodi?"

Nilimwambia afute nyimbo zangu. Akasema kinanda ni cha kikundi, na vilivyo ndani ni vya kikundi. Mhudumu alikuwa akipita na sahani za pilau, binamu akamwita anipatie moja, kama mgeni. Niliipokea. Nilikula nimesimama, machozi yakinitoka, nikimwambia kila aliyeuliza kwamba ni pilipili.

Shangazi alijaribu kutukalisha pamoja. Nilikwenda, tukanywa chai, binamu akazungumza habari za mvua. Sikurudi tena. Sasa ninapigia kina mama wa kanisa jirani, kinanda chembamba kisicho na midundo, na mikono yangu inachoka.

Mwezi uliopita simu yake iliingia. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza.

"Dada, nyimbo zimekuwa juu sana kwangu. Nazishusha aje?"

Nilimweleza kibonye kiko upande gani na akibonyeze mara ngapi. Nilimsikia akijaribu, wimbo ukishuka, ukishuka tena, gitaa langu likiwa zito kidogo.

"Hapo sawa," akasema. "Asante dada." Akakata, bila hata kuuliza watoto wangu wako vipi.