Mieleka Bila Watazamaji

Kuna Jumamosi moja ya kambini naikumbuka kama ya juzi, mwanangu, maana siku hiyo nilimwona mume wangu akigombezwa na bibi kizee mbele ya kibanda kizima cha video, na siku hiyohiyo nikaanza kufikiri kwamba huyu nitamkubali. Hakuwa mume wangu bado. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja zuri na maneno mengi, anaitwa Simeoni, na kazi yake ilikuwa kututafsiria mieleka.

Ngoja nikueleze taratibu, maana nyinyi vijana wa kanisani kwetu mliozaliwa huku Granville, Sydney, mnadhani televisheni ilikuwa ukutani tangu enzi za Adamu. Sisi Warundi tuliokimbilia Tanzania tulikuwa na kibanda kimoja cha video katika sehemu yetu ya kambi. Kuta za udongo, turubai juu, mabenchi ya mbao, na jenereta nje linanguruma mpaka meno yanakucheza. Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya mikanda ya mieleka ya Wazungu. Mtangazaji wa kwenye mkanda alisema Kiingereza cha haraka ambacho hakuna aliyekielewa, kwa hiyo mwenye kibanda alimsimamisha Simeoni kando ya televisheni na kipaza sauti, atafsiri. Na jambo ambalo kambi nzima ililijua ni kwamba Simeoni mwenyewe hakujua Kiingereza. Alikuwa anatafsiri miili. Likipanda ulingoni jitu lenye tumbo kubwa, anasema, "Huyu ndiye yule anayeruka foleni ya mahindi, mnamjua." Watu wanaguna. Akipanda mdogo: "Na huyu ameibiwa jembe. Leo kalifuata." Hapo nani tena atakaa kimya? Mimi nilikuwa nauza karanga mlangoni, na nakwambia ukweli, karanga zilikuwa kisingizio tu.

Mnaniuliza kila siku mieleka ya zamani na ya sasa ipi bora. Ya zamani, tusidanganyane, picha ilikuwa mbaya. Mkanda umenakiliwa mpaka nyuso zimefutika, mistari inapita katikati ya vifua vya watu. Na wapiganaji wenyewe, loo, wengine walikuwa na vitambi vya kustaafu. Walikwenda polepole. Mtu akikabwa shingo anaweza kukabwa mpaka mimi nimeuzia benchi zima karanga. Lakini kila mmoja ulimtambua kwa mwendo wake tu, na ukishaona anavyotembea umejua ana roho ya namna gani. Ndiyo maana Simeoni aliweza kuwatafsiri bila kujua neno hata moja.

Aliyeipenda mieleka kuliko sisi sote ni Bibi Nyamwiza. Mjane, mfupi, anakuja na kigoda chake mwenyewe maana vijana wa mabenchini aliwaona hawana adabu. Anakaa mbele kabisa. Mtu mbaya akimnyemelea mtu mwema kwa nyuma, Bibi Nyamwiza anasimama na kumwonya kwa Kirundi, na yule wa kwenye televisheni asiposikia, analaumiwa kwa uzembe. Tulikuwa tunamcheka, lakini siku akiugua hata mkanda haunogi.

Sasa Jumamosi hiyo mkanda ulikuwa wa zamani, Simeoni ameshauona mara nyingi mno. Alinitupia jicho pale mlangoni, nadhani alitaka nijue kwamba yeye ni mwerevu, si mtu wa kudanganywa. Kabla hata kengele haijalia akashika kipaza sauti, akasema, "Leo msijisumbue. Mdogo atapigwa, ataangushwa pale kwenye kona, halafu ataamka na atashinda. Na hawa wamekubaliana hawa. Jioni wanakula sahani moja." Akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Mkanda ukaendelea, jitu likamnyanyua mdogo, likamtupa, na kibanda kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Bibi Nyamwiza akachukua kigoda chake akatoka. Simeoni akamfuata mbio mpaka mlangoni, pale nilipokuwa mimi na karanga zangu, ndiyo maana nilisikia kila neno.

"Bibi, nimekukosea nini?"

"Unadhani mimi sijui kwamba hawapigani kweli?" Hakupandisha sauti. "Nimeona watu wakipigana kweli, Simeoni. Nimewaona nyumbani kwetu. Walioanguka siku ile hawakuamka, na mmoja wao nilimzaa mimi. Hapa nakuja kumwona mtu anaangushwa chini, halafu anaamka. Nakuja kumsaidia kwa kelele zangu. Wewe umeshaniambia mwisho. Sasa nimsaidie nini?"

Kijana mwingine angejitetea. Simeoni alikipokea kile kigoda mikononi mwa bibi akambebea mpaka kwake, na ule mkanda ukaendelea bila mtafsiri. Jumamosi iliyofuata alimwendea asubuhi kumwomba arudi. Bibi akarudi, na Simeoni akautafsiri mkanda uleule kana kwamba yeye mwenyewe hajui utaishaje. Yule mdogo alipolala chini, Simeoni alikuwa anauliza tu kwenye kipaza sauti, "Jamani, mnamwonaje? Ataamka?" Kibanda kilitaka kupasuka. Bibi Nyamwiza alipiga kelele mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka, na mimi nikasahau karanga zangu, watoto wakala bure. Nikasema moyoni, mtu akigombezwa akasikia, huyo unaweza kukaa naye nyumba moja.

Na tumekaa, mwanangu. Tukazaa, tukangoja majina yetu ya kuhamishwa, tukaitwa, tukaletwa huku. Sasa twende mpaka mwaka wa pili wa korona, pale mji wa Sydney ulipofungwa na sisi wa upande huu wa magharibi tukafungiwa kuliko wengine, helikopta ya polisi inazunguka juu ya nguo zangu zilizoanikwa. Baba Danieli, yaani huyohuyo Simeoni, alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala huko Wetherill Park. Korona ikamkamata. Akalazwa, tukaomba sana, akarudi nyumbani. Mwili ulirudi, lakini ile hamu yake ya maneno haikurudi.

Muuguzi alikuwa anapiga simu kila baada ya muda. Anasema mapafu yanataka kazi, mzee asikae kimya, aongee kwa sauti, aimbe, avute pumzi ndefu. Kuimba angeimbia wapi, na kanisa limefungwa? Kwenye ibada ya simu alikuwa anazima kamera na kusinzia. Danieli mwanetu anaendesha lori la makontena kule Port Botany, na kuingia ndani kwetu hairuhusiwi, basi anaacha mboga mlangoni, anarudi kwenye maegesho, anapunga mkono. Baba yake anapunga pia, halafu anarudi kwenye kiti chake cha dirishani. Siku nzima ananiambia "ndiyo" na "hapana", mtu aliyekuwa anaweza kukusimulia safari ya kwenda dukani mpaka chai ikapoa.

Asubuhi moja nimempelekea uji, akaniambia bila kunitazama, "Mama Danieli, nimechoka kuamka."

Niliogopa, mwanangu. Nilikwenda jikoni nikaosha masufuria ambayo yalikuwa masafi, naogopa na hapohapo nina hasira, maana nimevuka bahari na huyu mtu, nimezika naye, nimejifunza naye kupanda treni za huku, halafu leo aniambie amechoka kuamka. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Yeye hakusikia, maji yalikuwa yanatiririka. Nikajifuta mikono nikajiuliza, huyu tangu nimjue anaamshwa na nini? Jibu likaja lenyewe. Anaamshwa na kazi yake ya kusema.

Mchana ule nikawasha mieleka. Danieli alishatuunganishia kwenye televisheni, ila hatukuwa tunaitazama. Nikawapigia wajukuu kwa video, Yona na dada yake Kezia, watoto wa Danieli, nikaisimamisha simu juu ya kabati waione televisheni yetu na wamwone babu yao. Wale watoto Kiswahili wanakisikia vizuri, ila kukijibu wanajibu Kiingereza.

Sasa mieleka yenyewe ya korona, jamani. Picha safi, unahesabu jasho. Vijana miili imechongwa, wanaruka kutoka juu ya kamba wanapinduka hewani, vitu ambavyo wale wenye vitambi wasingeviota. Kwa hilo ya sasa ni bora, nani atabisha. Lakini wanafanana, na kila mmoja anashika kipaza sauti anajisifu robo saa kabla ya kumgusa mwenzake. Na mwaka ule ukumbini hakukuwa na mtu hata mmoja. Wameweka ukutani vioo vidogovidogo vya televisheni vyenye nyuso za watu waliokaa makwao, na kelele za kurekodi. Mtu anaanguka, unasikia mbao za ulingo zinalia.

Baba Danieli alitupa jicho mara moja. "Wanapigana kwa ajili ya nani? Hakuna watu." Akarudi kwenye dirisha lake.

Na Yona kwenye simu akasema neno moja la Kiswahili, na bora angeliacha: "Feki."

Nikazima sauti ya televisheni. Nikasimama kando yake na mwiko mkononi, nikaanza kutafsiri, na nikaharibu makusudi. "Huyu mwenye suruali ya dhahabu," nikasema, "ni fundi bomba. Ameitwa kutengeneza bafu. Huyu mwingine amekasirika kwa sababu fundi ameingia na viatu vichafu." Kezia akaanza kucheka. Nikaendelea: "Sasa fundi anamshika kichwa amwonyeshe bomba linavuja wapi."

"Fundi bomba gani anavaa hivyo?" Sauti ilitoka dirishani.

"Basi ni daktari wa meno."

"Mama Danieli, acha." Akageuza kiti. "Mwangalie magoti. Huyo ni mtu anayeogopa. Hiyo dhahabu ni ya kufichia. Ana kaka yake aliyemshinda kila kitu, na leo kaka anatazama."

"Kaka yupi? Mimi simwoni."

"Wewe humwoni kwa sababu unatazama suruali." Akanyanyuka. Akanipokonya mwiko, akausogeza mdomoni, akawageukia wajukuu kwenye simu. Sentensi ya kwanza kikohozi kilimkata katikati. Nikataka kumwambia akae, nikajiuma ulimi. Akavuta pumzi, ndefu, ileile aliyokuwa anaombwa na muuguzi, akaendelea. Yule wa dhahabu akatupwa nje ya kamba, akalala chini kule kwenye ukumbi mtupu, na refa anahesabu.

Kezia akauliza kwa Kiingereza chake nani atashinda.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema babu yake, na safari hii hakuwa anaigiza, maana ilikuwa moja kwa moja, hakuna mkanda alioutazama kabla. "Hakuna mtu kule wa kumsaidia. Tuko sisi tu."

Ndipo Yona, yule wa feki, akapiga kelele kwenye simu mpaka yetu ikadondoka kutoka kabatini: "Amka! Amka wewe, amka!" Kiswahili safi, sijui alikuwa anakiweka wapi miaka yote. Baba Danieli aliangua kicheko, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko, na mimi nikakaa chini nikalia kwa furaha, sioni haya kusema.

Tangu siku hiyo mieleka ikawa na mtafsiri. Danieli akasikiliza akiwa kwenye foleni ya malori bandarini. Akajiunga kwa simu Mkongomani wa ghorofa ya chini, akamwingiza na mama mmoja Mkenya aliyekuwa anamkosoa refa kwa Sheng. Siku moja muuguzi alipiga simu katikati ya pambano, akasikia mzee anafoka, akaniuliza kwa upole kama niko salama nyumbani. Nikamwambia mgonjwa anafanya mazoezi. Na asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda upande wake kitupu. Nikatoka mbio. Nikamkuta jikoni, amechemsha chai mwenyewe, ananisubiri ili tubishane kuhusu yule wa dhahabu, kama alistahili kushindwa au aliachwa tu na kaka yake.

Basi swali lenu nimelijibu, mwanangu. Miili ya sasa ni bora, uvumilivu wa zamani ulikuwa bora, na yote mawili hayana ladha kama hakuna mtu aliyekaa karibu na kujali. Ukimkuta mwenzako ameanguka, usisimame juu yake ukamweleza mwisho wake, hata kama unaujua. Usimwambie kwamba si kitu. Na ukijua kwamba jambo fulani ni maigizo, jua pia kwamba huenda mwenzako alishajua kabla yako, na ana sababu yake ya kukaa pale mbele. Mtafutie ile kazi ambayo ni yeye tu anayeiweza, uifanye vibaya mbele yake ikibidi, mpaka aje akunyang'anye. Halafu piga kelele.

Mungu akupe kifua kipana na pumzi ya kutosha. Akupe siku nyingi za kusimama, na siku utakayolala chini, mwanangu, maana itakuja, asikuache ulale kwenye ukumbi mtupu. Akuletee hata mmoja tu asiyejua mwisho utakuwaje, lakini anayekuita jina lako kwa sauti.