Benchi la Wanaorudi

Naandika haya nikiwa nimekaa. Kwako kukaa ni jambo dogo. Kwangu kulikuwa na wakati halikuwezekana.

Nilizaliwa ukimbizini, Karagwe, na tangu nimalize sekondari sijatulia mji mmoja. Nimeuza vitenge Bujumbura, Kampala na Bukoba. Mpaka leo natamani kahawa ya kutafuna ya Bukoba na upepo wa ziwa asubuhi. Mji ukiniumiza, nafunga mzigo, naondoka. Kigali nilikuja kwa kaka yangu, Nyamirambo, ambako mke wake Aisha ni fundi cherehani.

Aliyenibaka ni mwenye stoo niliyopanga Kicukiro, hapa hapa Kigali. Alinifunika kichwa kwa kitenge changu mwenyewe. Sisemi zaidi, na si kwa aibu. Aibu ni yake.

Asubuhi yake Aisha alinikuta nafunga mzigo.

"Wifi, unakwenda wapi na damu hiyo?"

"Bukoba."

"Bukoba haitibu hiyo. Vaa viatu."

Kituo cha afya walinichoma sindano, wakanipa vidonge vya kuzuia virusi, vya mwezi mzima. Vilinitapisha kila siku. Nilipochanika palitunga usaha, homa ikapanda. Kukojoa ilikuwa kama kukojoa pilipili. Nililala kifudifudi, nikala kwa kusimama, nikakonda mpaka nguo zikanipwaya. Taratibu usaha ukakauka, na vipimo vikatoka salama.

"Umepona," daktari akasema.

Uongo. Kila nilipokunjua kitenge mbele ya mteja, nilikimbilia nje kutapika. Kitenge! Kazi yangu ya maisha yote. Majirani wakaniambia lile neno la hapa: ihangane. Vumilia. Nalichukia neno hilo kuliko tusi.

Kilichoniponya ni chumba kidogo nyuma ya kituo kile kile. Kila Alhamisi muuguzi Spesioza alitukusanya wanawake tuliopatwa na jambo moja. Tulikunywa chai ya maziwa. Anayetaka kusema alisema, anayetaka kunyamaza alinyamaza. Mimi aliniwekea kitenge kilichokunjwa magotini, basi. Wiki nyingine akakikunjua kidogo. Miezi ikapita hivyo, mpaka siku moja nikajifunika uso mwenyewe na kujifunua mwenyewe. Nilipiga kelele, kisha nikacheka. Jumamosi yake nikauza.

Ndipo akaja ofisa kutoka Kacyiru, kwenye ofisi za serikali, suti safi, sauti ya upole.

"Akina mama, fedha za umma zinafuata takwimu. Na takwimu zinaonyesha chumba hiki hakina watu."

Tulikuwa tumejaa mbele yake, wengine sakafuni!

Spesioza akamweleza: "Wanahesabiwa siku ya kwanza tu. Akirudi, hana pa kuandikwa."

Ofisa akajikuna shingo. "Basi tusaidiane. Anayerudi aandikwe kama kesi mpya."

Bibi Veneranda, mkubwa wetu kwa umri, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, huyo wa kunibaka upya utaniletea wewe, au nijitafutie?"

Tulicheka mpaka machozi. Bibi mwenyewe hakucheka.

Mimi hasira ikanisimamisha. "Mgonjwa wa kifua kikuu mnamfuata mpaka amalize dawa. Akikosa siku, mnamtafuta kwake. Sisi mnatuhesabu siku ya damu. Damu ikikauka, hatupo. Mimi nilibakwa mara moja. Ya pili sitaiandika ili wewe upate namba."

"Mama, ihangane."

"Hilo neno liache hapo mlangoni."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekubali ule uongo. Chumba kikafungwa. Spesioza akapelekwa kwenye chanjo za watoto. Sasa mle ndani mna viti vibovu na maboksi. Kwa viti vibovu, nafasi ipo.

Nikafunga mzigo, nikaenda stendi ya Nyabugogo. Ilikuwa Alhamisi. Basi likiwa linapakia, nikamkumbuka binti aliyekuja mara yake ya kwanza wiki ya mwisho. Alishika tu kikombe kwa mikono miwili. Leo angekuta kufuli.

Nikashusha mzigo wangu.

Nilipofika, Bibi Veneranda alikuwa ameshakaa kwenye benchi la korido, mgongo kwenye mlango uliofungwa, na binti yule pembeni yake. "Umechelewa," akaniambia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Aisha aliyenivalisha viatu, na Spesioza, ambaye hutuletea chai wakati wake wa mapumziko. Nawe uliyepatwa, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Ile dawa ya kuzuia virusi ukiichelewesha zaidi ya siku tatu haikufai. Hata kama umeshaoga, nenda. Mwili ukipona na wewe bado hujapona, rudi, na usione haya kurudi.

Nanyi mnaogawa fedha zetu: kila Alhamisi tuko kwenye benchi hili. Korido ni nyembamba, na anayekwenda kwa mkuu wa kituo lazima aruke magoti yetu. Bukoba itaningoja. Njooni mtuhesabu.